Malaika Hashushwi na Mtu Mmoja

Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, baridi ya ndani ya kanisa la kijiji cha Krähnitz ilikuwa kali kuliko ya nje. Kuta zile za mawe zilikuwa zimeinywa baridi kwa miaka mia saba na hazikuwa na haraka ya kuitema. Ilka Behnke alikaa benchi la tatu upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote, na bintiye Tabea amemfunga kifuani ndani ya koti, kichwa tu kikichungulia kama kifaranga.

Mbele yake hakukuwa na mtu. Kando yake hakukuwa na mtu. Wenyeji wachache waliokuja walikaa mmoja huku, mmoja kule, kama meno yaliyobaki kinywani mwa kizee. Tangu masika Ilka alikuwa akija kila mwezi, siku ya ibada, na tangu masika hakuna aliyewahi kuja kukaa karibu naye. Bi Grabow, mjane anayetunza funguo za kanisa, alikuwa akiingia, anasimama kidogo kwenye ujia, anamtazama, kisha anageuka kwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango unaopuliza upepo. Kila mara hivyohivyo. Ilka hakuwa mtoto. Alishaelewa kwamba hawamtaki.

Mchungaji Thiedemann alisoma majina ya waliokufa mwaka ule. Huku jina husomwa pamoja na nyumba, na baada ya kila jina kengele hulia mara moja.

"Lene Behnke, wa nyumba namba kumi na moja."

Kengele ikalia. Lene alikuwa bibi yake Rainer, mume wa Ilka, na nyumba namba kumi na moja ndiyo waliyokuwa wakiishi sasa. Au tuseme ndiyo aliyokuwa akiishi Ilka na mtoto, maana kiwanda cha maziwa kilipofungwa baada ya nchi mbili za Wajerumani kuwa moja tena, Rainer alikwenda Hamburg kumwaga zege, na nyumbani alionekana mara moja kwa majuma mawili, amechoka, ana harufu ya treni.

Ilka aliinua macho. Juu, mbele ya madhabahu, alining'inia malaika wa ubatizo, mti mzima uliochongwa, amelala hewani kifudifudi kama muogeleaji, mikono mbele imeshika beseni la bati. Alikuwa na mashavu mekundu ya msichana wa kukamua ng'ombe, na miguu mikubwa mno. Zamani, mtoto alipobatizwa, malaika yule alishushwa kwa kamba kutoka darini hadi beseni likafika kifuani pa mchungaji. Ilka alikuwa ameambiwa hivyo na Lene mwenyewe, siku za mwisho za kizee yule kitandani. "Mimi alinishukia," Lene alisema. "Na baba yangu. Na babu. Nyumba hii yote alitushukia."

Sasa yeye Ilka hakushukiwa na kitu. Alilelewa kwenye nyumba ya watoto ya serikali, upande wa mto Oder. Jumapili za pale alizikumbuka vizuri: mlezi alikuwa akisimama mlangoni akiita jina la mtoto aliyetembelewa. Fulani, mgeni wako! Fulani, shangazi yako! Ilka alikuwa akivaa viatu mapema, akafunga na kamba kabisa, asije akaitwa hayuko tayari. Hakuitwa. Akakua, viatu vikawa vidogo, akaacha kuvivaa mapema.

Ndiyo maana siku ile, baada ya baraka, alimngoja mchungaji mlangoni.

"Mchungaji, nataka Tabea abatizwe."

"Habari njema hiyo! Njoo naye mjini, tuna kanisa lenye joto, watu wanavua hadi makoti."

"Hapa. Kwa malaika."

Mchungaji Thiedemann alikuwa mtu mwema mwenye vijiji kumi na kimoja na kigari kimoja kibovu. Alitazama juu, akatazama chini. "Bi Behnke, si nimetangaza leo? Mwaka mpya ukiingia tunafunga. Paa la upande wa mnara linavuja. Paa linataka fedha, na fedha zinataka watu, na watu ndio hao uliowaona. Malaika atapelekwa makumbusho, angalau huko atakuwa pakavu. Ibada ya mwisho ni Jumapili ya tatu ya Advent, kabla ya Krismasi."

"Basi siku hiyo."

"Sina neno. Ila nitahitaji mama wa ubatizo, au baba. Mtu mmoja tu, lakini awe mshirika wa kanisa. Wewe hukubatizwa, Rainer naye hakubatizwa. Lazima awepo mmoja wa kusema, mimi nitamshika mtoto huyu mkono. Una nani?"

Ilka aligeuka akayatazama mabenchi matupu.

"Fikiria taratibu," mchungaji akasema kwa upole, na upole ule ukauma kuliko ukali.

Jumatano jioni alisimama ndani ya kibanda cha simu cha njano karibu na kituo cha basi, kama kila Jumatano, akingoja Rainer apige. Tabea alikuwa akipulizia kioo na kuugusa ukungu wake kwa kidole.

"Muombe jirani yeyote," Rainer alisema kutoka Hamburg.

"Jirani gani, Rainer? Hawa wanaokaa mbali nami kama nina upele?"

"Ndivyo walivyo. Watu wa huku hawana maneno."

"Rahisi kusema, wewe uko kwa watu wenye maneno."

Sauti ya mitambo ikasikika nyuma ya Rainer. "Nitakuja siku hiyo," akasema. "Nitamwambia msimamizi. Nitapanda dari mwenyewe nimzungushe huyo malaika wenu. Wewe tafuta mtu tu."

Wa kwanza kufuatwa alikuwa Bwana Lüdecke, mpiga kengele, maana nyumba yake ndiyo ya jirani na angalau yeye alikuwa akipunga mkono. Alimkuta anapasua kuni, mguu mmoja ameunyoosha pembeni kwa sababu ya nyonga mbovu.

"Mimi?" Lüdecke akacheka hadi shoka likatetemeka. "Msichana, umefika kwa mpagani. Nimejitoa kanisani mwaka jana. Walipoanza kukata kodi ya kanisa kwenye mshahara nikasema, haa, Mungu alinipenda bure miaka yote hii, leo ameajiri karani? Nikatia sahihi, nikatoka. Mwezi uliofuata na mshahara wenyewe ukatoka!"

"Lakini Jumapili unakuja."

"Nakuja kupiga kengele. Kengele haiulizi kadi ya mtu." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Huku washirika waliobaki ni wazee watatu, na wawili hawasikii. Mtu wako ni Oda Grabow. Ila..." Akamtazama Ilka, macho yakaanza kucheka tena. "Ila sijui utaanzaje, na wewe umemkalia kiti chake tangu Pasaka."

"Nimefanya nini?"

"Wee mwanamke! Huoni namba za nyumba kwenye mabenchi? Benchi la tatu kushoto ni la Grabow. Alikaa mama mkwe wake, alikaa mama yake mama mkwe wake. Siku ile ya kwanza ulipolikalia sisi huku nyuma tulishika pumzi. Nikamwambia mzee Hinnerk, leo vile vita vya kale vya miaka thelathini vinarudi."

Ilka alihisi damu ikimpanda usoni, licha ya baridi. "Mbona hakuniambia?"

"Akuambie?" Lüdecke alishangaa kweli. "Mtu haambiwi kitu kama hicho. Mtu anaachwa aone mwenyewe."

"Na nyinyi, mbona hamkuja kukaa nami?"

"Tukae wapi? Kila mtu si ana lake? Ukikaa kwa Grabow na sisi tukaja kukaa kwa Grabow, kutabaki kanisa hapo? Tulikuwa tunakungoja ukae kwako. Kumi na moja. Upande wa kulia, chini ya dirisha dogo. Oda analifuta vumbi kila Jumamosi tangu Lene azikwe, kwamba labda kesho utajua." Akainua shoka. "Hukujua."

Ilka alirudi nyumbani, akaketi jikoni bila kuvua koti. Viazi vilichemka vikapasuka ndani ya sufuria. Miezi yote ile. Alikuwa amekaa pale akiwahesabia watu ubaya wao, na kumbe wao walikuwa wakimhesabia ubaya wake, na kila mtu kimya, na benchi moja linafutwa vumbi kwa ajili yake kila Jumamosi. Alitaka kucheka, akashindwa. Tabea akacheka badala yake, kwa sababu kijiko kilianguka.

Jumamosi mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Bi Grabow alikuwa ndani na kitambaa chake, mwanamke mrefu aliyenyooka kama mwiko, miaka sabini na kitu, skafu imefungwa chini ya kidevu. Hakugeuka. Ilka alipita benchi la tatu kushoto bila kuligusa, akavuka ujia, akafuata upande wa kulia hadi chini ya dirisha dogo. Kwenye ubavu wa benchi, chini ya rangi ya kijivu iliyobanduka, palikuwa na tarakimu mbili zilizochorwa kwa brashi ya mtu asiye na haraka: 11. Ubao wa kukalia ulikuwa umechimbika kidogo katikati, umelainishwa na watu wa nyumba ile. Akakaa. Akaona kwamba kutoka pale malaika anaonekana uso. Kule kushoto alikuwa akiona miguu tu.

Kitambaa kilisimama.

"Panapuliza hapo?" Bi Grabow akauliza.

"Hapapulizi."

"Lene alikuwa akilalamika panapuliza. Uongo mtupu. Alitaka tu kusikilizwa."

"Bi Grabow, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingekaa." Akaendelea kufuta. Baada ya muda akasema, kama anayezungumza na ubao, "Kule mlangoni miezi minane. Bega langu hili hapa linajua."

Ilka akamwomba palepale, kabla ushujaa haujapoa. Alisema jambo lenyewe tu, bila kulipamba. Bi Grabow alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Njoo nikuonyeshe kitu."

Walitoka nje, wakazunguka. Upande wa mashariki, nyuma ya madhabahu, mawe ya ukuta yalikuwa yamechongwa yakawa na pembe, safu juu ya safu, kila moja likikaa kwa mwenzake kama mikate kwenye trei. Walipotembea kuelekea mnara mawe yakaanza kulegea, makubwa kwa madogo, hadi karibu na mnara yakawa mawe ya shambani tu, yametupwa ndani ya chokaa jinsi yalivyookotwa.

"Walianzia kule," Bi Grabow alisema. "Watu wakianza wana nguvu. Wakifika katikati watoto wanalia, mvua inanyesha. Wakifika huku wanataka paa tu." Akapiga ukuta kwa kiganja. "Lakini huku ndiko kusikoanguka. Sijui kwa nini."

Kwenye mlango wa kusini, uliokuwa na fremu ya matofali mekundu, alisimama. Matofali yalikuwa na vishimo vya duara, vingi, kila kimoja kinatosha kidole gumba.

"Hivi ni vya akina mama. Mtoto akishikwa na homa, walikuja hapa wakakwangua tofali, unga wakauchanganya kwenye maziwa. Zamani, kabla ya daktari. Na baada ya daktari pia, kama daktari yuko mbali." Akaingiza kidole kwenye kishimo kimoja kilichokuwa chini kidogo kuliko vingine. Hakusema ni cha nani. "Nilikuwa mama wa ubatizo wa watoto wanne wa hapa, Bi Behnke. Wanne wote niliwashika chini ya yule malaika. Wa kwanza yuko Kanada. Mmoja alivuka mpaka usiku, enzi zile za nchi mbili, hakuaga. Wawili wameondoka juzi, ukuta wa mpakani ulipofunguka, wakaniahidi kadi. Wewe mume wako yuko Hamburg. Theluji ikiyeyuka utafunga mizigo, na mimi nitabaki na picha nyingine ukutani. Nimechoka kuning'iniza picha."

Ilka angeweza kuapa. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Lakini aliangalia vile vishimo, akaona haya kuapa mbele yake.

"Siwezi kusema hatutaondoka," alisema. "Sijui. Ninachojua ni kwamba mimi, nilikolelewa, Jumapili walikuwa wakiita majina ya watoto waliotembelewa. Sikuwa na mtu wa kuja. Hata aliye mbali. Hata wa Kanada." Akavuta koti likamfunika Tabea masikio. "Nilikuwa nikifikiri, nikimjua mtu mmoja tu asiyekuja, kwamba yuko mahali fulani na jina langu analijua, ningekaa nimevaa viatu vyangu kwa raha."

Bi Grabow alitazama makaburi. Kunguru walikuwa wakigombana juu ya mti wa linde.

"Unajua anavyoshushwa?" akauliza.

"Rainer atapanda. Ameahidi."

"Rainer!" Akaguna. "Huyo alipokuwa mdogo alikwama kwenye banda la kuku. Malaika hashushwi na mtu mmoja. Aliye juu ana winchi ya kuzungushia kamba, lakini haoni kitu. Aliye chini anaona, lakini hana kamba. Mume wangu Willem alikuwa juu, mimi chini. Mimi naita, yeye anagonga boriti, nijue amesikia, kisha ndiyo anazungusha. Miaka yetu yote. Alipofariki hakubatizwa mtu tena hapa, na ikawa vizuri, maana..." Akakatisha. Skafu aliifungua akaifunga upya. "Maana ningeita, halafu nani agonge?"

Ilka alimvuta Tabea karibu zaidi kifuani. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unayaharibu.

"Haya," Bi Grabow akasema ghafla, kwa sauti kavu. "Kabla ya kusema ndiyo au hapana, tujue kwanza kama kamba inashika. Mimi ngazi ile siiwezi tena. Lete huyo mtoto hapa, wewe panda."

Ilka hakuwa amewahi kumpa mtu mwingine Tabea, isipokuwa Rainer na muuguzi. Alimtoa kwenye koti, mvuke wa joto ukapanda kati yao, akamweka mikononi mwa mwanamke yule mrefu. Tabea alimtazama yule mgeni, akatazama skafu, akaamua kuishika.

Ngazi ya dari ilikuwa nyembamba na giza. "Kanyaga juu ya boriti, usikanyage mbao!" sauti ilimfuata. Juu kulinuka mavi ya popo na vumbi la nafaka, maana baada ya vita vya mwisho watu walificha ngano mle. Boriti za mwaloni zilipishana gizani, nene kama viuno vya ng'ombe, kila moja na alama ya shoka ya fundi asiyejulikana. Katikati palikuwa na winchi ya mbao na mkono wake, na jiwe la uzani limefungwa kamba, na sakafuni tundu la ukubwa wa sahani lililopitisha kamba kwenda chini. Kupitia tundu lile Ilka aliona mgongo wa malaika na kipande kidogo cha sakafu. Mtu hakuonekana. Alikuwa peke yake kama ambavyo hajawahi kuwa, na hapo upweke alikuwa anaujua.

Chini kimya. Kirefu. Alidhani yule mama ameondoka na mtoto.

Kisha sauti ikapanda, nyembamba, imekwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa zamani.

"Upo?"

Ilka alitaka kuitikia kwa mdomo. Akakumbuka. Akakunja ngumi, akagonga boriti.

Chini kimya tena. Akagonga mara ya pili, kwa nguvu.

"Nimesikia!" Bi Grabow alipaza sauti, na sauti ile haikuwa kavu tena. "Nimesikia, mwanangu. Shusha! Polepole... polepole, ana miguu mizito huyo... kulia kidogo, kamba inakwama kulia... Gonga!"

Akagonga.

"Shusha... shusha... basi! Simama! Mfunge!"

Aliposhuka, nguo zimejaa utando wa buibui, aliwakuta wamesimama mbele ya malaika. Beseni lilikuwa kifuani pa Bi Grabow. Tabea alikuwa amemshika malaika pua, anaivuta kwa bidii, na malaika alikuwa amevumilia kama alivyovumilia wengine wote. Mashavu ya Bi Grabow yalikuwa yamelowa, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Kidole hiki cha malaika kilivunjwa na baba yake Lene," alisema. "Alikuwa mtoto mkorofi." Halafu, bila kumtazama Ilka: "Huyu atahitaji soksi za sufu. Siku ile kutakuwa na baridi ya kuua. Nina sufu nyeupe nyumbani." Na walipofika mlangoni, akigeuza ufunguo ule mkubwa kwa mikono miwili: "Niite Oda."

Jumapili ya tatu ya Advent theluji iliamka kabla ya watu. Ilka alisimama kwenye kituo cha basi kungoja Rainer hadi nyusi zikageuka nyeupe. Basi halikuja. Alikuja Lüdecke na baiskeli anaisukuma, akasema barabara kuu imefungwa, lori limelala katikati, hakuna kinachopita. "Mchungaji nimemwona anakuja kwa miguu kutoka kwenye njia panda. Kigari chake kiko mtaroni, yeye mwenyewe anaimba."

"Na Rainer?"

Lüdecke alitazama theluji. "Treni labda ziko. Basi halipo. Usimngoje hapa, msichana, utakuwa sanamu."

Kanisani mishumaa ilikuwa imewashwa na pumzi za watu zilionekana. Walikuja wengi kuliko kawaida. Ilikuwa ibada ya mwisho, hata wasiokuja walikuja, na kila mmoja alikwenda kwenye namba yake. Oda alikuwa benchi la tatu kushoto, amenyooka, bega lake mbali na upepo. Ilka alikaa kumi na moja. Alimweleza Oda kwa macho kwamba Rainer hayupo. Oda akamwendea, wakanong'onezana ujiani.

"Lüdecke hawezi ngazi," Oda alisema. "Hinnerk atazimia huko juu. Mimi lazima nimshike mtoto, ndiyo kazi yangu. Na anayejua kamba inakokwama ni mmoja."

"Ni mtoto wangu, Oda. Nataka kumwona."

"Najua."

Ilka aliangalia lile dari la mbao lililochorwa mawingu, na lile tundu dogo katikati ya wingu. Hakukuwa na siku nyingine. Wiki zijazo watu wa makumbusho wangekuja na mablanketi na kamba zao. Akambusu Tabea kwenye kofia, na kwenye kofia ya pili iliyokuwa chini ya ile, akamkabidhi. Soksi za sufu nyeupe zilimfika mtoto hadi magotini.

Darini giza lilikuwa lilelile. Theluji ilipenya kwenye nyufa za vigae, ikakaa juu ya boriti kama unga uliomwagika. Alipiga magoti karibu na winchi, akasikia wimbo ukipanda kupitia mbao, sauti chache, nzito, mmoja amewatangulia wenzake. Wimbo ukaisha. Akasikia hatua.

"Upo?"

Akagonga.

"Shusha!"

Alizungusha. Kamba ilipita mikononi mwake, malaika akaenda zake chini kuelekea kwenye mwanga, miguu mikubwa ikimfuata. Alipofika panapokwama, Ilka akavuta kulia kabla hajaambiwa. Aliona mgongo wa mti, ukingo wa beseni, na mara nusu ya kofia nyeupe. Basi. Kingine chote kilikuwa sauti.

"Nani anamleta mtoto huyu," mchungaji aliuliza, "na nani atamshika mkono?"

"Mimi, Oda Grabow, wa nyumba namba nne," Oda alijibu, kwa nguvu isiyohitajika kwa mchungaji aliyekuwa mbele yake. Alikuwa akijibu ili asikike darini. "Namleta Tabea, wa nyumba namba kumi na moja. Nitamshika. Akiwa hapa, na akiwa kwingine."

"Na mama yake," mchungaji akasema, akasita. Ilka aliwazia watu wote chini wakiinua nyuso kuelekea lile wingu lililochorwa. "Mama yake pia anataka hivyo?"

Ilka aligonga boriti. Vumbi la miaka lilidondoka, likapita tunduni, likameremeta kwenye mwanga wa mishumaa. Mtu akacheka chini, Lüdecke bila shaka. Kisha maji. Maji hayana sauti kubwa, lakini huko juu aliyasikia moja moja, na baada yake kilio cha Tabea, kikali, cha hasira, kikajaza lile jengo kuanzia kwenye mawe yaliyochongwa hadi kwenye mawe yaliyotupwa.

Alikaa akisikiliza. Hasira ikawa kwikwi, kwikwi zikawa kimya, na katika kimya kile alimsikia Oda akimwimbia mtoto wimbo usio na maneno.

"Pandisha!" Oda aliita.

Ilka alishika mkono wa winchi, lakini hakuuzungusha. Malaika yule hatashuka tena hapa. Akiinuka sasa ameinuka, na barabara imefungwa, na nyumba namba kumi na moja ina jiko lililozimika. Aliacha kamba ikae mikononi, ina uzito wake, kwa kitambo kidogo tu.

Oda hakukasirika. Alingoja. Halafu akaita tena, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba atajibiwa.

"Upo?"